Mume ana VVU, mke mjamzito hajui: muuguzi anaruhusiwa kumwambia?

Muuguzi_zamu:
Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wanasheria na wanasihi wazoefu. Niko Tanzania Bara, ngazi ya kituo cha afya.

Mteja wa kiume ana wiki sita tangu aanze TLD (dawa za kufubaza VVU). Mkewe ana mimba ya wiki 24 na anahudhuria kliniki ya wajawazito hapo hapo kituoni. Hudhurio la kwanza alipima, majibu hasi. Mume kila akija anasema atamwambia "muda ukifika", na kondomu hatumii kwa hofu kwamba mke atauliza zimeanza lini na kwa nini.

Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema sheria inaturuhusu kumwambia mke, basi tumwambie, kuna mtoto hapo. Wengine wanasema tukifungua mdomo tunashtakiwa. Nani yuko sahihi? Na wakati huo mke anahudumiwaje bila siri ya mume kuvuja?

Wakili_wa_Kata:
Wote wana kipande cha ukweli. Sheria yenyewe ni ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, Na. 28 ya mwaka 2008. (Zanzibar wana sheria yao, tusichanganye.)

Kifungu cha 16 kinaanza kwa kusema majibu ni siri na anapewa aliyepimwa peke yake. Halafu kifungu kidogo cha (2) kinaorodhesha wengine wanaoweza kupewa: mzazi au mlezi wa mtoto, mwenza au mlezi wa mtu asiyeweza kuelewa majibu, mahakama, na mwenza wa ndoa au wa kingono wa aliyepimwa. Wenzako wameishikilia hiyo ya mwisho. Lakini hiyo ni ruhusa, si amri. Hakuna mahali sheria inapomwagiza muuguzi amfuate mke, wala haielezi utaratibu wa kumfuata. Kifungu cha 17 kinakuwekea wajibu wa kutunza siri za kitabibu kama kawaida, na tangu Mei 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo ukitoa siri kienyeji, kwa simu au mlangoni, utapata shida kueleza kwa nini hukutumia njia nyepesi kwanza.

Wajibu wa kusema uko kwa mume. Kifungu cha 21: anayejua ameambukizwa amwambie mwenza wake mara moja, na achukue hatua zote zinazofaa asiambukize wengine. Kifungu hicho hicho kinakataza mwenza kumnyanyasa mwenzake kwa sababu ya VVU, na hiyo ndiyo sehemu watu huwa hawaisomi. Kifungu cha 47 ni cha kuambukiza kwa makusudi, kifungo cha miaka 5 hadi 10. Tafadhali usimtishie mteja kwa hiki cha 47. Makusudi ni jambo la kuthibitishwa mahakamani, si kila ukimya ni makusudi, na mteja aliyetishwa hukimbia kliniki. Akikimbia anaacha dawa, virusi vinapanda, na mke aliyekuwa anakingwa ndiye anayebeba hasara.

Babu_Kliniki:
Kesi nyepesi hii. Mwambie mume amlete mke, wapimeni pamoja kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza, majibu yatoke mbele ya wote wawili. Hakuna siri iliyovunjwa.

Mnasihi_CTC:
Babu, shikamoo, lakini hapo nakupinga. Njia hiyo inatumika sana na ina mitego miwili.

Wa kwanza ni wa maabara. Mtu aliye kwenye ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, anaweza kutoa mstari hafifu au hata majibu hasi, hasa kwa kipimo cha kujipima cha mate. WHO inashauri aliyekwisha kuanza dawa asipimwe upya. Hebu fikiria mume anatoka hasi mbele ya mkewe na wewe mnasihi unajua si kweli. Wa pili ni wa maadili: unaigiza mbele ya mke ambaye naye ni mteja wako. Akija kugundua kadi ya CTC1 (kadi ya mteja wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) yenye tarehe ya wiki sita kabla, hatakuamini tena, na bado ana miezi mingi ya kliniki na kunyonyesha mbele yake.

Njia zinazokubalika ni nne. Mteja aseme mwenyewe. Mteja apewe muda wa makubaliano, ukipita mtoa huduma achukue hatua kwa ridhaa yake. Mtoa huduma amtaarifu mwenza bila kumtaja aliyemtaja. Au waseme wakiwa wote watatu chumbani. Kwa huyu ya tatu haifai. Mke mwenye mume mmoja ukimwambia "kuna mtu anaweza kuwa amekuambukiza" ameshajua ni nani. Mimi ningekwenda na ya pili ikiishia kwenye ya nne.

Fanya hivi. Kikao cha kwanza, mume peke yake, uliza kuhusu ukatili kabla ya kitu kingine chochote. Maswali ni matatu: je, kati yenu kuna aliyewahi kumpiga mwenzake, kumtishia kumdhuru, au kumlazimisha ngono? Watu hudhani maswali haya ni ya wanawake tu, lakini hapa mume akibanwa anaweza kugeuza kibao na kudai mke ndiye aliyeleta. Kukiwa na "ndiyo" yoyote, simamisha mpango wa kumtaarifu mke, pangeni usalama kwanza na unganisha na dawati la jinsia.

Kama hakuna, kubalianeni tarehe. Kawaida ni wiki mbili hadi nne. Kwa mimba hii mpe mbili. Mfanyishe mazoezi ya sentensi yenyewe. Wateja wengi hawakatai kusema, hawajui neno la kwanza liwe lipi. Mfano: "Nimepima, nimekutwa na VVU, nimeshaanza dawa. Nataka tuje wote kwa nesi akueleze na wewe upime." Sentensi mbili, asiongeze historia ya alipoipata. Swali hilo likianza nyumbani, jioni yote imeharibika. Aseme asubuhi ya siku ya kliniki, si usiku, na wewe uwepo zamu siku hiyo. MWAVIU (mtu anayeishi na VVU) mshauri mwanaume husaidia kuliko mahubiri yetu.

Halafu usimwambie kwamba kwa kuwa yuko kwenye dawa haambukizi. Virusi visipoonekana kwenye kipimo hakuna maambukizi kwa njia ya ngono, hilo ni sahihi kabisa, ila yeye kipimo cha wingi wa virusi kinamngoja mwezi wa sita tangu aanze dawa. Kwa sasa ni kondomu.

Mkunga_PMTCT:
Naongezea upande wa mke, maana mjadala umemsahau na yeye ndiye mwenye haraka. Akiambukizwa sasa, wingi wa virusi kwenye damu yake utakuwa juu sana wiki za mwanzo, na hapo ndipo hatari kwa mtoto huwa kubwa, tumboni na kwenye kunyonya.

Majibu yake hasi ya hudhurio la kwanza hayatoshi. Vipimo vya haraka vinaweza kukosa maambukizi ya karibuni kwa hadi miezi mitatu. Mpime tena hudhurio linalofuata kwa ridhaa yake, rudia miezi mitatu ya mwisho, na tena kipindi cha kunyonyesha. Wajawazito wote hurudiwa, kwa hiyo ukimwambia "tunarudia kwa kila mjamzito" unasema kweli. Ila iwe kweli: usimrudie yeye tu na wenzake kwenye benchi ukawaacha, watu wanahesabu.

Maelezo ya kondomu na PrEP (dawa ya kujikinga kwa asiye na VVU) mpe kwenye elimu ya pamoja ya asubuhi, wasikie wote, halafu ndani mwulize maswali ya hatari kama unavyomwuliza mwingine. Akitaka PrEP, ni kidonge kimoja kila siku, mjamzito anaruhusiwa, mradi kipimo cha siku hiyo kiwe hasi. Siku 7 za mwanzo asikitegemee peke yake.

Siri huvuja kwenye karatasi kuliko mdomoni. Usiandike lolote la mume kwenye kadi ya wajawazito ya mke. Kadi hiyo inakaa nyumbani na mama mkwe anaisoma. Usimpigie mume kwa namba ya mke iliyoandikwa kwenye faili lake. Mume achukue dawa siku isiyo ya kliniki ya wajawazito kama inawezekana.

Pwani254:
Kwa wasomaji wa Kenya, msinakili ya Bara moja kwa moja. Sheria yetu ya UKIMWI ya 2006, Na. 14, ilikuwa na kifungu cha 24 kilichomlazimu mwenye VVU kumwambia aliyeshiriki naye ngono na kumruhusu daktari kusema. Mahakama Kuu ilikifuta Machi 2015, katika kesi ya AIDS Law Project, kwa kuwa hakikueleweka kinamlenga nani hasa na kilivunja haki ya faragha ya Ibara ya 31. Kwa hiyo muuguzi wa hapa asijifiche nyuma yake. Mgonjwa ambaye siri yake imetolewa anaweza kwenda kwenye Baraza la VVU na UKIMWI, yaani HIV and AIDS Tribunal, na ikaamuru alipwe fidia. Lakini Sheria ya Makosa ya Kingono, kifungu cha 26, bado ina adhabu kali kwa anayeambukiza kwa kujua: si chini ya miaka 15.

Muuguzi_zamu:
Asanteni sana. Moja la mwisho: wiki mbili zikipita hajasema? Na mke akiniuliza uso kwa uso, "mume wangu anakunywa dawa gani?"

Mnasihi_CTC:
Usimdanganye. Usiseme ni za presha. Mjibu: "Habari za mteja yeyote hatumpi mtu mwingine, na zako pia hatumpi yeye. Mkija pamoja tutaongea pamoja." Halafu hapo hapo mwombe apime.

Wiki mbili zikipita, usiamue peke yako. Mwite mume, mweleze wazi kwamba sasa suala linakwenda kwa mganga mfawidhi na msimamizi wa CTC, na mpe nafasi ya mwisho ya kikao cha watu watatu, kwa tarehe. Wengi husema hapo.

Wakili_wa_Kata:
Na kama bado amekataa, hapo ndipo ruhusa ya 16(2) inapojadiliwa, na jopo, si mtu mmoja. Kwenye faili la mume kuwe na tarehe za vikao, majibu ya maswali ya ukatili, muda aliokubali, alichokisema akikataa, na majina ya walioamua. Anayemweleza mke awe mmoja, chumbani, mume akijua siku na saa.