Tupeane uzoefu: nani hapa Nairobi amewahi kulala hoteli ya kifahari?

Kijana_wa_Umoja: Wadau, hadithi za watalii tumezisikia zikatosha. Nataka za sisi tunaopita nje ya hoteli hizi tukiwa kwenye matatu. Si kunywa chai, kupiga picha na kuondoka, bali kulala. Mliona nini?

MamaNeema: Binti yangu alinilipia usiku mmoja Westlands nilipostaafu. Chumba kizuri, ila bafu lote ni kioo, limeelekea kitandani! Nikamwambia, mwanangu, niogee mbele yako na mvi hizi? Nikatoa leso mkobani, nikaitundika kwa vibanio vya nywele. Aliyebuni chumba kile hajawahi kusafiri na mama yake. Taa nazo huzimwa kwenye kibao chenye alama za ajabu: tulizima ya kusomea, ikawaka ya kabatini. Lakini godoro, wanangu! Nusura tukose kiamshakinywa.

Roysambu_Juu: Leso imeniua, mama 😂

Natandika: Nafanya kazi kwenye mojawapo ya hoteli hizo, jina silitaji. Marumaru nyeusi za bafuni hupendeza pichani, lakini tone la maji likikauka linabaki kama doa la chokaa. Tunapangusa kwa kitambaa kikavu, ukuta mzima, na vyumba vingine vinangoja. Mgeni anayejipangusia sinki namwombea dua. Ile mito midogo ya mapambo hata sisi hatujui ni ya nini. Tunaitoa jioni, tunairudisha asubuhi.

Mzee_wa_Barazani: Mimi nilikwenda Norfolk, na si kwa ajili ya godoro. Ilifunguliwa 1904, wakati wa walowezi. Machi 1922 watu walikusanyika karibu na hapo kudai Harry Thuku, mpinga ukoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe, wakamiminiwa risasi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliouawa. Leo barabara ya mlangoni inaitwa Harry Thuku. Nikaketi barazani, nikaagiza chai ya maziwa, nikainywa polepole makusudi.

Kijana_wa_Umoja: Heshima, mzee wetu.

Hesabu_Kwanza: Kabla hamjaenda, ulizeni bei ya wakazi na mbebe vitambulisho. Hoteli za Upper Hill na Westlands hutegemea sana watu wa mikutano, kwa hiyo wikendi bei mara nyingi hushuka. Ulizeni pia kama bei hiyo imejumlisha VAT ya 16% na tozo ya utalii ya 2%, msije mkashtukia bili. Na bwawa la juu ya paa lisiwadanganye: mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Julai utaliangalia ukiwa na sweta.

Kijana_wa_Umoja: Agosti je?

Hesabu_Kwanza: Bado baridi. Ngoja Januari, halafu uombe chumba kisichotazama Waiyaki Way. Malori hayalali.