Baba wa babu alikuwa jumbe: je, ukoo wetu ni wa watawala?

Mjukuu wa Mikindani (Lindi mjini)
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Tunaandaa historia fupi ya ukoo wetu, ambao asili yake ni Mikindani, ili isomwe mbele ya familia. Katika karatasi za marehemu babu mzaa baba imo barua isiyo na tarehe, ambamo baba yake anaitwa jumbe, aliyemwandikia anajiita akida, na juu yao wote anatajwa liwali. Barua yenyewe inahimiza kodi ya nyumba. Baba mdogo anashikilia kwamba jumbe ni mfalme wa mji, na kwamba tuandike hivyo bila haya. Shangazi, ambaye ni mwalimu mstaafu, anasema jumbe alikuwa mkusanya kodi wa Wajerumani na hakuna la kujivunia hapo. Nani kati yao yuko sahihi?

Msomaji wa Kivinje (Kilwa)
Ndugu, wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anasema habari za zama zake. Katika miji ya Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, kabla ya Wajerumani, jumbe na diwani walikuwa watawala wenye nasaba, na cheo hakikupatikana kwa kuteuliwa na mgeni. Wajerumani walilichukua jina hilo hilo wakamvika mkuu wa kijiji, aliye ngazi ya mwisho kabisa katika serikali yao, anayehesabu nyumba na kupokea rupia. Akida naye alikuwa mkuu wa askari kabla hajafanywa msimamizi wa majumbe kadhaa, mara nyingi akipelekwa kwa watu wasio wa kwao, na chuki iliyotokana na jambo hilo ilionekana wazi katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907.

Liwali hakuwa mfalme wakati wowote. Neno lenyewe ni *al-wali* la Kiarabu, naibu wa mtawala, na Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilikuwa na maliwali wa Seyyid, yaani sultani, wa Unguja kabla bendera ya Kijerumani haijapandishwa.

Sasa tazama barua yako. Kodi ya nyumba ilianza 1898, kwa hiyo jumbe anayetajwa humo ni jumbe wa serikali ya kikoloni, na shangazi ameshinda kwa upande wa barua. Hata hivyo, Wajerumani wakati mwingine walimteua mtu ambaye tayari alikuwa na heshima kwa watu wake, kwa hiyo barua haitoshi kumnyima baba mdogo haki yake. (Diwani naye yuko hai bado, ila siku hizi anaomba kura katani.)

Mama Nyanda za Newala
Naomba niongeze la huku juu, kwa sababu mnaongea kana kwamba Kusini yote ni pwani. Mikindani iko chini ya uwanda wa Wamakonde, na Wamakonde hawakuwa na mfalme mmoja. Kila *chirambo*, yaani eneo dogo la makazi, kilikuwa na *mkulungwa*, mkuu wake, naye alitawala hapo na si kwingine. Serikali ilipotaka mtu mmoja wa kumdai kodi, iliandika "jumbe" na kuendelea na safari. Wamakua wa Masasi wana *mwene*, ambalo ni ndugu wa "mwenye" na "mwinyi" ya pwani, yaani mwenye nchi, na pembeni yake yuko mwanamke wa ukoo wake, *apwiyamwene*, ambaye katika vitabu vyetu vya Kiswahili hatajwi sana.

Kumbuka pia kwamba Wamakonde, Wamakua na Wayao hufuata ukoo wa mama. Cheo kilimwendea mpwa, mtoto wa dada. Ukitafuta utawala kwa baba wa babu pekee, mwanangu, huenda unagonga mlango usio wenyewe.

Mjukuu wa Mikindani
Shikamoo mama, na ahsante. Baba mdogo sasa anauliza: kama si mfalme, je, tunaweza kuandika sultani?

Msomaji wa Kivinje
Hapo mwambieni apunguze mwendo. Hapa Kilwa Kisiwani neno hilo lilikuwa na masharti. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika 1331 alimkuta sultani Hasan, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Lakini Ibrahim, aliyekuwa akitawala Wareno walipouteka mji 1505, alijulikana kwa cheo cha amiri tu, ingawa mamlaka yote yalikuwa mikononi mwake. Mtu aliweza kushika mji bila kushika jina.

Mama Nyanda za Newala
Na huku bara neno hilo lilitumika kwa uhuru zaidi. Machemba, mkuu wa Wayao katika uwanda wetu, alimwandikia Wissmann, kamishna wa Wajerumani, kwa Kiswahili mwaka 1890 akikataa kumtii, na hoja yake ilikuwa kwamba yeye ni sultani katika nchi yake kama mwenzake alivyo sultani katika nchi yake. Hakuwa na ikulu ya mawe wala sarafu zenye jina lake. Alichukua neno ambalo mgeni angelielewa, akalitumia kujilinganisha naye. Baada ya miaka kadhaa ya mapambano alilazimika kuvuka Ruvuma.

Mjukuu wa Mikindani
Nimewasomea wote wawili majibu haya. Baba mdogo amekubali tuandike "jumbe wa zama za kodi ya nyumba", kwa kunung'unika. Shangazi amenyamaza kidogo, kisha akakumbuka kwamba shamba la minazi ambalo babu yake, yaani jumbe huyo wa barua, aliliacha hakulirithi kwa baba yake, bali kwa mjomba wake kutoka Newala. Nitalitafuta jina la mjomba huyo kabla sijaandika sentensi nyingine.