Wajibu bila uhuru wa kuchagua unawezekana kweli? Nimekwama kwenye Kant

KurasaYaPili
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Niko mwaka wa pili nasoma falsafa, semista hii tuna kozi ya maadili na wiki karibu zote ni wajibu na uhuru wa utashi. Nimeandika insha mara 3 na kila nikifika ukurasa wa pili nakwama palepale. Nilianza na Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, kile kitabu chake kidogo cha 1785, kwamba kitendo kinakuwa na thamani ya kimaadili pale unapokifanya kwa sababu ni wajibu wako, sio kwa sababu unajisikia au kuna faida, nikaweka na ule mfano wake wa muuza duka ambaye hata mtoto akija kununua hampunji, lakini hampunji kwa vile anataka kulinda biashara, kwa hiyo katenda sawasawa ila sio kutokana na wajibu. Nikaona nimeeleza vizuri kabisa. Drafti ikarudi, mhadhiri kaandika pembeni kwa wino mwekundu sentensi moja tu: "Na kama hakuweza kufanya vinginevyo?" Siku ya 4 leo naiangalia hiyo sentensi.

Maana ukisema mtu anapaswa, umeshakubali kwamba anaweza. Hakuna anayelilaumu jiwe kwa kuanguka. Sasa kama kila ninachokifanya kimeletwa na sababu iliyotangulia, na hiyo nayo ikaletwa na nyingine, malezi, ubongo, hadi huko nyuma kabla sijazaliwa, huo wajibu unamkamata nani? Je nithibitishe kwanza kwamba tuko huru ndo niandike kuhusu wajibu?

La pili, hili linaniumiza kidogo. Ni kweli Kant anasema mtu anayesaidia wenzake kwa upendo hana thamani ya kimaadili?

Hoja_Tulivu
Mkuu usianze kwa kuthibitisha uhuru, utazeeka hujafika aya ya tatu. Kant mwenyewe alijaribu njia hiyo. Sehemu ya mwisho ya hicho kitabu cha 1785 anakiri wazi kwamba hoja inaonekana kama inazunguka duara, tunajiona huru ili tujiweke chini ya sheria ya maadili, alafu tunasema tuko chini ya sheria hiyo kwa sababu tuko huru. Anajaribu kutoka humo kwa kusema mtu anaangaliwa kwa pande mbili, kama kitu kati ya vitu vya maumbile na kama mwenye akili inayojitungia sheria, lakini wasomaji wengi wanaona hajatoka vizuri.

Miaka 3 baadaye, kwenye kitabu kingine cha 1788, anageuza hoja, na hapa ndipo ningekushauri ukae. Anasema uhuru ndio unaofanya sheria ya maadili iwezekane, ila sheria ya maadili ndiyo inayotujulisha kwamba tuko huru. Soma ule mfano wa mfalme, uusome polepole. Mtu anaambiwa na mtawala wake atoe ushahidi wa uongo dhidi ya mtu mwema, akikataa ananyongwa hapohapo. Ukimuuliza angefanya nini pengine hatathubutu kusema, uhai ni mtamu. Lakini ukimuuliza kama inawezekana akakataa, atakubali bila kusita kwamba inawezekana. Kajuaje? Hajapima ubongo wake wala hajasoma fizikia, kajua kwa sababu anajua anapaswa kukataa. Mimi nilipousoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje nikatembea, kwa sababu nilijiuliza ningekuwa mimi nisingeahidi lakini nisingesema siwezi.

Subira_na_Swali
Naheshimu hapo juu ila sikubaliani kabisa. Mfano wa mfalme unaonyesha kwamba yule mtu *anaamini* anaweza kukataa, basi. Kuamini unaweza na kuweza ni vitu viwili.

Mwandishi wa swali, sentensi ya mhadhiri imebeba neno moja la kulichunguza, nalo ni "hakuweza". Hakuweza kivipi? Mwanafalsafa Hume (1748) angekwambia kuwa huru ni kutenda au kutotenda kulingana na utashi wako mwenyewe, basi aliyefungwa minyororo hayuko huru, ila muuza duka yuko huru hata kama tabia yake ina sababu. Kant aliichukia sana njia hii, aliiita ujanja duni, akasema uhuru wa namna hiyo hauna tofauti na wa mashine ya kugeuzia nyama motoni ambayo ukishaijaza ufunguo inazunguka yenyewe. Weka huo ubishi kwenye insha, ni mtamu na unaenda moja kwa moja kwenye swali lako.

Alafu nenda kwa mwanafalsafa Harry Frankfurt, 1969. Chukulia kuna mtu kawekewa kifaa kichwani bila kujua, aliyekiweka anataka mtu huyo amdhuru fulani, na kifaa kitamlazimisha pale tu atakapoonyesha dalili ya kughairi. Yeye anaamua mwenyewe, kwa chuki yake mwenyewe, anamdhuru, kifaa hakijaguswa. Hakuweza kufanya vinginevyo. Utamwachia? Mimi simwachii. Ukikubali hivyo basi wino mwekundu umejibiwa nusu, maana kulaumiwa hakutegemei kuwa na njia nyingine. Nasema nusu kwa sababu lawama ni kitu kimoja na wajibu ni kingine, inawezekana "unapaswa" bado ikadai "unaweza" hata kama lawama haidai.

TaaYaUsiku
Mimi nijibu la pili kwa sababu limenigusa. Kant hasemi upendo ni mbaya. Anasema mwenye moyo wa huruma anastahili sifa na kutiwa moyo, ila ukitaka kuona wajibu peke yake ukoje mwangalie mtu huyohuyo siku majonzi yake mwenyewe yamemfunika, huruma imekauka, na bado akanyanyuka akasaidia. Hapo hakuna kingine kilichomnyanyua.

Nilimuuguza mama karibu miaka 2. Nampenda mno, hilo halina mjadala. Lakini kuna saa ya 9 usiku anaita mara ya 4, unafungua macho na ndani huna kitu, huruma huna, hasira ipo, mwili unauma, na mguu unashuka kitandani. Unamgeuza, unanyoosha shuka mgongoni isikunjane ikamchubua, unarudi kulala. Asubuhi upendo unarudi. Kwa miaka nilijiona mwana mbaya kwa zile saa, nilipokuja kukisoma kile kipande darasani nikaona kumbe zile saa sikuwa nimepungukiwa kitu. Kwa hiyo ndugu yangu usimsome kama anawadharau wenye upendo, anauliza tu nini kinabaki upendo ukilala.

Na nikirudi kwenye swali lako la kwanza, saa ile sikujihisi nasukumwa, nilihisi ningeweza kabisa kujifanya sijasikia. Sijui kama ni uthibitisho, ila nisingeweza kuieleza bila hiyo.

KurasaYaPili
Asanteni sana, TaaYaUsiku nimesoma mara mbili, pole na hongera. Mwenzangu darasani anasema haya yote yameshamalizwa na sayansi, eti mwanasayansi wa ubongo anaitwa Libet alionyesha ubongo unaamua kabla yetu. Nimjibuje?

Subira_na_Swali
Jaribio lile la 1983 watu waliambiwa wakunje mkono muda wowote wakijisikia, huku wakiangalia nukta inayozunguka kwenye saa ili waseme ni lini walitaka. Ishara ya ubongo ilianza kama milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea, na wao wakasema walitaka kama milisekunde 200 kabla. Ni matokeo ya kuchukuliwa kwa uzito, ila Libet mwenyewe hakusema uhuru haupo, aliona bado tuna nafasi ya kuzuia kitendo dakika ya mwisho. Na kukunja mkono bila sababu yoyote sio sawa na kukaa wiki nzima unapima utimize ahadi au uivunje. Mwambie akuonyeshe wajibu uko wapi kwenye kukunja mkono.

Hoja_Tulivu
Hapo niko na Subira. Na kuhusu kifaa cha Frankfurt, uliza hili kwenye insha: ile dalili ya kughairi ambayo kifaa kinaisubiri, mtu huyo alikuwa huru kuionyesha au kutoionyesha? Kama alikuwa huru basi njia nyingine ilikuwepo, hata iwe nyembamba kama uzi. Subira najua una jibu, nalisubiri.

Subira_na_Swali
Ninalo, ila naandika jioni vizuri, sitaki kulipua. KurasaYaPili, weka ukurasa wako wa pili hapa ukimaliza, nitausoma wote.