Naomba ushauri: bastola ipi ya straika inafaa kufungwa kilengeo cha nukta nyekundu?

Babu_1911 (mwenye uzi)

Wanajamvi, salaam. Ninaishi Houston, Texas, nikiwa mkaazi wa kudumu, na bastola niliyoizoea kwa miaka mingi ni 1911 ya kaliba ya .45 yenye vilengeo vya chuma. Tangu nivuke miaka hamsini, macho yamegoma: nikivaa miwani ya kusomea, kilengeo cha mbele kinaonekana vizuri lakini shabaha inafifia, nikiivua, shabaha inarudi huku kilengeo kikigeuka ukungu. Wenzangu wa klabu wananiambia kwamba dawa yake ni kilengeo cha nukta nyekundu, kwa kuwa jicho hukaa kwenye shabaha na nukta huonekana ikiwa hapo hapo, bila kulazimika kuchagua kati ya vitu viwili vilivyo katika umbali tofauti.

Nataka kununua bastola mpya ya straika (inayofyatua kwa pini ya ndani badala ya nyundo), ya milimita 9, nitakayoitumia hasa katika mashindano ya USPSA (chama cha Marekani cha mashindano ya shabaha), daraja la Carry Optics, la bastola zenye kilengeo cha nukta, na ambayo siku nyingine itabaki kuwa ya ulinzi wa nyumba. Nina takriban dola 1,100 kwa bastola na kilengeo pamoja. Ninazozitazama ni Glock 17 Gen5 MOS, SIG P320, Walther PDP na Springfield Echelon. Naomba kujua ipi kati ya hizo inashika kilengeo imara zaidi, na nukta ya ukubwa gani inamfaa mtu wa macho yangu. Niongeze kwamba nilipochungulia kilengeo kimoja dukani, nukta haikuwa duara. Ilionekana kama alama ya mkato iliyoinama.

Fundi_Columbus

Shikamoo mzee. Nimefurahi kwamba umeanza na suala la kushika kilengeo, kwa sababu wengi huuliza triga ni laini kiasi gani, wakanunua, halafu wakarudi kulalamika kwamba kilengeo kimelegea baada ya maboksi machache ya risasi.

Kila kilengeo kina mpangilio wake wa matundu ya skrubu na vishikizo, na mipangilio hiyo haifanani. Uliozoeleka zaidi ni wa Trijicon RMR, kilengeo kilichoingia sokoni mwaka 2009, ambao Holosun nao wanautumia katika 507C. Leupold DeltaPoint Pro ina wake, Aimpoint ACRO ina wake, na vile vidogo vya bastola nyembamba hufuata mpangilio wa Shield RMSc. Kiwanda kinachotaka kumuuzia kila mtu hukata slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi) kwa kina kidogo, kisha hutoa mabamba ya kuwekwa katikati, kila bamba kwa aina yake ya kilengeo. Ndivyo Glock walivyofanya na mfumo wao uitwao MOS tangu mwaka 2015. Tatizo ni kwamba hapo unapata maungio mawili badala ya moja: skrubu zinazoshika bamba kwenye slaidi, na nyingine zinazoshika kilengeo kwenye bamba. Bamba ni jembamba, hivyo nyuzi zinazoshikwa na skrubu ni chache, na slaidi inaporudi nyuma na kusimama ghafla kila risasi, nguvu yote ya kilengeo kinachotaka kuendelea na safari huangukia skrubu hizo.

Njia ya pili ni kumpelekea fundi wa mashine slaidi aikate kwa kilengeo kimoja tu. Kilengeo hukaa chini zaidi, ungio ni moja, na kwa uimara sijaona kinachoizidi njia hiyo, ingawa ukibadili mawazo kuhusu kilengeo umeshachelewa. Echelon, iliyotoka mwaka 2023 na inayotengenezwa Croatia, ilikuja na njia ya tatu ninayoipenda: slaidi ina matundu ya pini zinazobadilishwa, hivyo vilengeo vingi hukaa moja kwa moja juu ya slaidi bila bamba lolote. Glock nao, mwaka 2025, walitoa pamoja na Aimpoint mfumo wa A-CUT kwa kilengeo kiitwacho COA, ambacho mbele hunaswa na slaidi yenyewe ili skrubu zisibebe mzigo peke yake. Ni kazi nzuri, ila inakufunga kwa kilengeo kimoja.

Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza, kwa uimara pekee, ningeiweka Echelon mbele. Glock MOS si mbaya ukitupa bamba la kiwandani na kununua la chuma kutoka kwa watengenezaji wanaobobea katika mabamba tu. Dola sitini au themanini hivi zitakuokoa na usumbufu.

Mama_wa_Stage

Kaka Babu, Fundi amesema kweli kuhusu chuma, lakini kuna jambo litakalokusumbua kabla skrubu yoyote haijalegea, nalo ni mkono wako. Mtu aliyelelewa na 1911 ana pembe ya mpini iliyoshamwingia kwenye kifundo cha mkono. Mpini wa Glock umelala zaidi kuliko wa 1911, kwa hiyo ukiinyanyua Glock kwa mazoea yako, mdomo wake utaelekea juu. Ukiwa na vilengeo vya chuma unaliona kosa hilo na kulirekebisha njiani, kwa sababu kilengeo cha mbele kinaonekana hata kikiwa juu mno. Ukiwa na nukta, mdomo ukiwa juu kupita kiasi nukta haionekani kabisa. Unatazama kioo kitupu huku saa ya mashindano inakwenda. Wageni wengi wa nukta wanaosema kwamba kilengeo ni kibovu wanapambana na hili tu.

Ndiyo maana nashangaa kwamba orodha yako haina Smith & Wesson M&P9 M2.0. Mpini wake una pembe ya nyuzi 18, karibu kabisa na ile uliyoizoea, unakuja na vipande vinne vya kubadilisha unene wa kiganja, na kuna toleo lenye kizuizi cha kidole gumba kama cha 1911 kwa anayekihitaji. Toleo lililokatwa kwa ajili ya kilengeo huja na mabamba kadhaa kwenye kisanduku, nayo ushauri wa Fundi wa kununua bamba la chuma unahusika vile vile. PDP nayo huelekea vizuri mkononi kwa watu wengi, triga yake ni miongoni mwa zilizo bora kwa bastola za kiwandani, ila mimi huiona inaruka zaidi inapofyatuka kuliko M&P.

Usinunue chochote kabla ya kukodi. Viwanja vingi vya ndani huko Texas hukodisha bastola zilizokwisha kufungwa nukta. Mbele ya ukuta salama, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, fumba macho, inyanyue mpaka mikono inyooke, kisha fumbua. Bastola ambayo nukta yake iko katikati ya kioo unapofumbua macho ndiyo yako, hata kama si niliyoitaja mimi.

Kifaru_Mweusi

Kuhusu P320 nitakuwa mfupi. Ni bastola iliyoshinda zabuni ya jeshi la Marekani mwaka 2017, na toleo lake la X5 Legion limependwa sana katika Carry Optics kwa sababu ya uzito wa mpini wake. Mwaka huo huo wa 2017 SIG walitangaza kuzifanyia maboresho bila malipo baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka, na tangu hapo kumekuwa na kesi nyingi za watu wanaodai kwamba ilifyatuka bila triga kuguswa. Kampuni inakanusha kwamba bastola yenyewe ndiyo yenye kasoro, na mimi si mahakama. Lakini baadhi ya vyombo vya usalama na viwanja vya shabaha vimeacha kuiruhusu, hivyo iulize klabu yako kwanza kabla ya kulipia kitu utakachozuiwa kuingia nacho.

Babu_1911

Marahaba Fundi, na nakushukuru Mama wa Stage. Hilo la pembe ya mpini limenifungua macho, kwa kuwa nilipoishika Glock dukani nilidhani kilengeo kimefungwa vibaya. SIG nimeiondoa, si kwa hofu, bali kwa sababu sitaki maswali mlangoni. Je, siwezi tu kufunga nukta kwenye 1911 yangu na kuokoa fedha? Na bado naomba mawazo kuhusu ile nukta yenye mkia.

Mama_wa_Stage

Katika Carry Optics hapana. Daraja hilo halipokei bastola za kufyatua kwa nyundo iliyokwisha kuvutwa tu, na 1911 ndivyo ilivyo. Lipo daraja la Limited Optics, lililoanzishwa mwaka 2023, ambalo litakupokea nayo, lakini utakuwa na risasi nane za .45 ukishindana na watu wenye magazini za zaidi ya ishirini. Ongeza gharama ya kukata slaidi na bei ya risasi za .45, utaona kwamba hujaokoa kitu.

Daktari_wa_Lenzi

Mzee wangu, mimi si fundi bunduki. Kazi yangu ni miwani. Nukta yenye mkia karibu kila mara inatokana na astigmatizimu, yaani uso wa mbele wa jicho haukunjwi sawa pande zote. Kuna jaribio rahisi: kipige picha kilengeo hicho kwa simu kupitia kioo chake. Nukta ikiwa duara kwenye picha, kilengeo ni kizima na tatizo ni jicho. Jaribio jingine ni kuitazama nukta kupitia tundu dogo ulilotoboa kwenye karatasi. Ikinyooka, jibu ni lile lile.

Mambo matatu husaidia. La kwanza ni kupunguza mwanga. Watu huiwasha nukta kama taa ya gari, na kadiri inavyong'aa ndivyo mkia unavyorefuka. La pili ni rangi: baadhi ya wagonjwa wangu huiona ya kijani ikiwa safi zaidi, wengine hawaoni tofauti, kwa hiyo itazame mwenyewe kabla ya kulipa. La tatu ni miwani ya kuona mbali iliyopimwa upya pamoja na kipimo cha astigmatizimu, siyo ya kusomea, maana ukiwa na nukta jicho linatazama shabaha.

Kuhusu ukubwa, nukta hupimwa kwa MOA, na MOA moja ni takriban sentimita 2.9 katika mita 100. Katika mita 25, nukta ya 3.25 hufunika kama sentimita 2.4 na ya 6 hufunika sentimita 4.4, ambazo zote ni ndogo kuliko eneo la A, yaani la alama za juu, la shabaha ya USPSA. Kwa jicho lenye astigmatizimu na umri wako, nisingekupa nukta ya 2 peke yake, kwa sababu utalazimika kuiongezea mwanga ili uione, na hapo mkia unarudi. Holosun 507C inakupa pete ya MOA 32 pamoja na nukta, na wengi wenye tatizo lako hulenga kwa pete hiyo bila kujali umbo la nukta. Bei yake pia inaingia kwenye bajeti yako.

Nairobi_Shabaha

Nasoma nikiwa Kenya, ambako cheti cha umiliki hutaja silaha yenyewe na kubadilisha si jambo la kwenda dukani Jumamosi. Kwa hiyo sisi huanza na swali tofauti: bamba, skrubu na magazini za bastola hii zitapatikana kwa wakala mwenye leseni baada ya miaka mitano? Hapo Glock hushinda bila kutumia nguvu. Najua Babu yuko Texas, lakini nilitaka wanaosoma wakiwa nyumbani wasichukue jibu la Houston kana kwamba ni lao.

Fundi_Columbus

Ni hoja nzito hiyo. Kwa Babu naongeza kwamba ninakubaliana na 507C, nayo betri yake hubadilishwa kwa ubavuni bila kukifungua kilengeo, wakati RMR ya zamani ni lazima uing'oe na kuanza upya kuilenga. Vilengeo vilivyofungwa pande zote, kama ACRO P-2 au 509T, ni vizuri kwa anayebeba bastola kwenye mvua na vumbi. Kwa mashindano ningechukua kioo kipana na kutumia fedha zinazobaki kununua risasi.

Babu_1911

Nimekwenda kukodi kama nilivyoshauriwa. Echelon na M&P zote nukta ilikuwa ndani ya kioo nilipofumbua macho; PDP ilikuwa karibu; Glock ilikuwa angani. Nimechagua M&P9 M2.0 ya inchi 4.25, kwa sababu mpini wake ulinijaa mkononi zaidi ya ule wa Echelon, pamoja na 507C na bamba la chuma. Picha ya simu ilionyesha nukta duara, kwa hiyo Daktari, nimeshaweka miadi ya kupimwa. Swali la mwisho: nikifunge vipi, na nikilenge katika umbali gani?

Fundi_Columbus

Safisha mafuta yote kwenye matundu na skrubu kwa spiriti, kisha tia tone moja la gundi ya bluu ya kuzuia kulegea. Tumia bisibisi yenye kipimo na ufuate nguvu iliyoandikwa kwenye maelekezo ya bamba na ya kilengeo, maana si lazima zilingane. Trijicon, kwa mfano, husema paundi-inchi 12 kwa RMR. Tumia skrubu zilizokuja na bamba, usichanganye. Skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kugusa sehemu zinazocheza ndani ya slaidi, na bastola ikaanza kukwama bila wewe kujua chanzo, kwa hiyo ukimaliza kukaza hakikisha kivuta ganda kinacheza kwa uhuru. Chora mstari mwembamba wa rangi kuanzia kichwa cha skrubu hadi kwenye kilengeo ili siku ikisogea uione. Acha gundi ikauke hadi kesho yake.

Kilenge katika yadi 25 ukiwa umeegemeza mikono, ila kumbuka kwamba kilengeo kiko juu ya mtutu, hivyo katika yadi tano risasi itagonga karibu inchi moja chini ya nukta. Jambo hilo lina uzito pale shabaha ya adhabu (usiyotakiwa kuipiga) inapofunika nusu ya ile unayoitaka, kwa hiyo pigia karatasi katika yadi tano, saba na kumi kabla ya shindano lako la kwanza uone mwenyewe risasi zinaangukia wapi.