Konsentreta inapuliza vizuri lakini mtoto hapandi. Nianzie wapi?

Sista_Pwani

Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ni muuguzi wodi ya watoto wachanga, hospitali ya wilaya huku pwani ya kusini. Tuna konsentreta tatu, yaani mashine za kutoa oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida, za lita 5 kwa dakika kila moja. Juzi usiku nimeingia zamu nikakuta njiti wa kilo 1.4 yuko kwenye mashine ya katikati, nusu lita, oksimita, ile inayopima oksijeni ya damu, inasoma asilimia 84. Nikaangalia pua, safi. Nikatumbukiza mrija kwenye glasi ya maji, mapovu yanatoka vizuri tu. Nikapandisha hadi lita 1, ikagomea 86. Nikamhamishia kwenye mtungi tuliouazima chumba cha upasuaji, na muda si mrefu akafika 94. Anaendelea vizuri, leo kanywa maziwa ya mama yake kwa kikombe.

Kinachoniuma ni hiyo mashine. Inawaka, inanguruma, inapuliza, ila ina taa ya njano ambayo wenzangu wanasema "iko hivyo siku zote". Fundi wa vifaa tiba yuko mkoani, barua ya kumwita imeshaandikwa. Na stoo tuna konsentreta mbili za msaada zimekaa kwenye maboksi kwa sababu plagi zake ni za miguu bapa. Naombeni msaada, nimechoka kusikia "mbovu, iondoeni".

fundi_vifaatiba

Pole Sista, na hongera kwa kumwahi huyo mtoto. Ni mwaka wa 11 natengeneza hizi mashine, na hilo la mapovu nimelikuta kila wodi. Mapovu yanakuambia hewa inatoka, hayakuambii ni hewa gani. Konsentreta inavuta hewa ya humo humo chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, kompresa inaisukuma kwenye mitungi miwili ya zeolaiti, yaani punje ndogondogo zinazonasa naitrojeni na kuacha oksijeni ipite. Ikiwa nzima inatoa asilimia 90 na kitu. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue 82, na kwa mashine nyingi taa ya njano maana yake imeshuka karibu na hapo au chini yake. Kwa hiyo haiko hivyo siku zote. Inawaambia jambo, na hakuna aliyeisikiliza. Mpaka ipimwe, asiwekwe mtoto hapo.

Anza na sponji ya chujio, iko nyuma au ubavuni. Itoe, ioshe kwa maji na sabuni, ikamue, iache ikauke kabisa. Usiirudishe ikiwa mbichi, maana unyevu ndio unaoua zeolaiti, na nyie mko pwani. Kuna mashine niliikuta imebandikwa plasta ya "MBOVU", sponji yake imevaa nyuzi za pamba na vumbi hadi imekuwa kama kipande cha blanketi kuukuu. Niliiosha asubuhi, jioni mashine ikasoma 92. Ilikaa pembeni miezi minne kwa ajili ya sponji! Sitakaa niisahau.

Kaza pia kifuniko cha chupa ya maji, na isogezeni mashine mbali na ukuta na pazia ivute hewa vizuri. Umeme ukiwa unapanda na kushuka, iwekwe stabilaiza.

Za stoo, tafadhali MSIZICHOMEKE kabla ya kusoma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 230V 50Hz, badilisheni plagi tu. Kikiandikwa 115V 60Hz, transfoma itashusha volti lakini hezi (Hz, mizunguko ya umeme kwa sekunde) zitabaki 50, kompresa itazunguka polepole, itachemka na kufa.

Mfawidhi_Wodi

Naunga mkono. Kwetu sponji ilikuwa haina mwenyewe: wauguzi walidhani ni kazi ya fundi, fundi yuko kilomita 90. Tukampa mhudumu wa wodi, kila Jumatatu, anasaini kwenye daftari linaloning'inia kwenye mashine. Tuna sponji mbili kwa kila mashine, moja ikianikwa nyingine iko kazini. Na mwambie mganga mfawidhi vipuri viingie kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, siyo kusubiri mashine izime ndipo pesa itafutwe.

Sista_Pwani

Asanteni sana. Sponji ya mashine ya katikati nimeiosha mwenyewe, maji yametoka meusi mara nne. Fundi wa mkoa amefika Alhamisi na kipimo cha oksijeni. Zile za pembeni zimesoma 93 na 89. Ya katikati 71, akabadilisha chujio la ndani ikafika 74 na kuishia hapo. Anasema zeolaiti imeshalowa. Nimeitoa wodini mwenyewe.

Za stoo, moja ni 230V. Amebadilisha plagi, tumeiwasha, imesoma 94, na saa hii ninavyoandika iko kitanda cha pili ina mtoto. Nyingine ni 115V 60Hz, imerudi kwenye boksi lake, na nimebandika karatasi juu nikieleza kwa nini isiguswe.

Kaka fundi, zeolaiti za mashine ya lita 5 zinapatikana hapa nchini, au tuagize? Mganga mfawidhi amekubali kuziweka kwenye bajeti, ila anataka bei kabla ya Ijumaa.