Nirekodi vipi sauti za msitu ili miaka ijayo zionyeshe kilichobadilika?

Mkazi wa Muheza (swali)
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi chini ya milima ya Usambara Mashariki. Nilipokuwa mdogo, ulikuwa haupiti usiku bila kumsikia perere, yule pimbi aishiye mitini, kwa kilio chake kinachoanza kama mlango mbovu unaofunguliwa taratibu kisha kikapanda hadi kuwa ukelele. Siku hizi naweza kukaa barazani wiki nzima nisimsikie, ilhali msitu, ukiutazama kutoka barabarani, umesimama kijani vilevile. Nimekuwa nikirekodi kwa simu kila nipatapo nafasi, lakini rekodi zangu hazilinganishiki: hii ina mvua, ile ina jogoo wa jirani. Nifanye nini ili ziwe ushahidi? Na je, kweli masikio yanaweza kugundua jambo ambalo macho hayajaliona?

Msikilizaji wa Alfajiri
Yanaweza, na mfano ninaoukumbuka sana ni wa Bernie Krause, mwanamuziki wa Marekani aliyegeuka mrekodi wa sauti za asili. Mwaka 1988 alirekodi alfajiri katika uwanda wa Lincoln Meadow, kwenye milima ya Sierra Nevada, California, kabla kampuni ya magogo haijaanza kukata miti kwa kuchagua, mti mmoja hapa na mwingine pale, njia ambayo wakazi walihakikishiwa kuwa haitadhuru mazingira. Mwaka uliofuata alirudi tarehe ileile, saa ileile, katika hali ya hewa ileile. Picha za kabla na za baada zilikuwa karibu sawa, lakini kwenye rekodi ule msongamano wa ndege ulikuwa umetoweka, ukabaki mlio wa kijito na kigogota akigonga mti. Alirudi tena na tena kwa miaka 25, na sauti ile ya mwanzo hakuipata. Ona kwamba nguvu ya ushahidi wake haikutoka kwenye ubora wa maikrofoni, bali kwenye yale maneno matatu: ileile, ileile, ileile.

Fundi wa Sauti, Tanga
Naongezea upande wa kifaa. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, kwa hiyo mara nyingi hupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa yenyewe, tena hufuta inachokiona kuwa kelele, na kelele hiyo huenda ndiyo nyenze unaowatafuta. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo, kisha weka kiwango kimoja cha kunasa na usikiguse tena. Hifadhi katika mfumo wa WAV, kwa sababu MP3 hutupa sehemu ya sauti ili kupunguza ukubwa wa faili. Ukichukua sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani kifaa kipime sauti mara 48,000 kila sekunde, utanasa milio ya hadi hezi 24,000 (mitetemo 24,000 kwa sekunde), kupita upeo wa sikio la binadamu, ingawa popo wengi hutoa milio ya juu zaidi ya hapo.

Mwanzoni mwa kila rekodi taja kwa sauti tarehe, saa, upepo, mawingu na mbalamwezi. Na jogoo wa jirani, bodaboda au msumeno wa mnyororo usivifute: navyo ni sehemu ya mabadiliko unayoyafuatilia.

Msikilizaji wa Alfajiri
Nitoe tahadhari moja kuhusu perere. Kutosikika si sawa na kutokuwepo, maana mnyama anaweza kunyamaza kwa sababu ya upepo, msimu au kuwindwa. Rekodi usiku mwingi, masika na vuli, ndipo kimya kianze kuwa na uzito.

Mkazi wa Muheza
Nawashukuru sana. Nimechagua mfenesi ulio mpakani mwa shamba letu na msitu, nami nitafunga kifaa kwenye tawi lilelile, saa mbili usiku na saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila Jumamosi. Bibi yangu amekubali kusikiliza pamoja nami na kunitajia kila mlio kwa jina lake la Kisambaa. Jana nilipomwekea rekodi ya kwanza, kabla hata sijamuuliza chochote, aliniuliza hondohondo wamekwenda wapi.