Hot dog, wiener, banger: majina haya ya soseji yalikukuta wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi. Nyumbani Magomeni bibi yangu mpaka leo hali hot dog. Umwambie ni ng'ombe tupu, umwoneshe nembo ya halali kwenye pakiti, jibu ni lilelile: "Kama si mbwa, mbona wamemwita mbwa?" Wala hayuko peke yake. Malaysia, mwaka 2016, idara ya mambo ya Kiislamu ilitaka jina libadilishwe ndipo cheti cha halali kitoke. Chimbuko lenyewe ni utani wa Marekani. Soseji za wahamiaji wa Kijerumani zilifananishwa na wale mbwa wao warefu wenye vimiguu vifupi, na minong'ono kuhusu nyama iliyomo ndani haikukosekana. Wanafunzi wa chuo cha Yale walishalitumia jina hilo miaka ya 1890. Haya, leteni zenu.

Mhudumu wa Masaki: Asubuhi moja hotelini mgeni wa Austria kaagiza frankfurter, Mjerumani wa meza ya pili kaagiza wiener. Mpishi akatoa zote kwenye sufuria moja huku anacheka. Kumbe kuna fundi wa nyama, Johann Georg Lahner, aliyejifunza kazi Frankfurt akahamia Vienna, na soseji yake ikaanza kuuzwa huko mwaka 1805. Vienna wakaiita kwa mji alikotoka, Wajerumani wakaiita kwa mji alikohamia. Kila mmoja anamsukumia mwenzie!

Kikapu Upanga: Kocha wetu aliishi Marekani. Ukidanki halafu ukaning'inia kwenye ringi, utasikia, "Wee hot dog, shuka!" Kwao ndiyo mtu wa mbwembwe.

Mpangaji Sinza: Shemeji karudi kutoka Uingereza, kaona gari langu, kasema, "Banger hiyo." Nikavimba kichwa, maana kwa vijana banger ni ngoma kali. Kumbe kule ni soseji, na pia ni mkweche. Soseji ilipata jina hilo kwa kupasuka kikaangoni, enzi za uhaba zilipojazwa maji.

Muuza soseji Mbagala: Mimi wateja wangu wanasema "pasua, weka kachumbari, pilipili kwa mbali." Hot dog sijawahi kuulizwa. Ila hiyo wiener mbona mnaipita harakaharaka?

Mleta uzi: Mtaani Marekani ni mtu legelege, mkuu. Maana ya pili njoo PM, humu kuna wakwe.